Majaribio Yasiyo na Daftari

Kila inapotangazwa kwamba hospitali fulani ya Afrika Mashariki itashiriki majaribio ya dawa, maneno huwa yale yale. Utayasikia kijiweni, utayakuta kwenye makundi ya WhatsApp, utayasikia kwa wapiga simu wa redio asubuhi: "Wametugeuza panya wa maabara." "Kwa nini wasianze kwao?" "Watoto wetu si wa kujifunzia." Yanasemwa kwa uchungu wa kweli, na anayeyasema huonekana mzalendo, huku anayeyapinga akidhaniwa kalipwa. Mimi nayapinga na sijalipwa na mtu. Nayapinga zaidi yanapoelekezwa kwenye majaribio ya kuchanganya antibayotiki kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Hapo msimamo ulioanza kwa nia ya kuwakinga watoto unageuka kuwa sababu ya kuwazika.

Ninachokizungumzia kinaendelea sasa hivi. Mwaka 2024 yalianza, Afrika Kusini na Kenya, majaribio yanayoitwa NeoSep1. Yamekusudiwa kufikia watoto wachanga wapatao 3,000 katika nchi kadhaa, na yanalinganisha tiba zinazotumika leo na michanganyiko mitatu mipya: fosfomaisini na amikasini, fosfomaisini na flomoksefu, flomoksefu na amikasini. Nasema mipya, ila dawa zenyewe ni za zamani. Fosfomaisini ilitangazwa mwaka 1969, imetokana na kijidudu cha udongo wa Hispania. Amikasini ni kazi ya Wajapani wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na flomoksefu ni yao pia, ya miaka ya 1980. Upya uko katika kuzipanga mbili mbili, kwa dozi ya kiumbe mwenye kilo moja na nusu, dhidi ya bakteria wa hospitali ambao dawa za kawaida haziwatishi tena.

Sasa twende wodini, maana mjadala huu hupenda kufanyikia mbali na wodi.

Ni saa nane za usiku. Mtoto njiti wa siku tatu, gramu 1,600, amegoma kunyonya tangu magharibi. Mwili hauchemki, umepoa, na kwa mtoto wa umri huo kupoa kunatisha kuliko homa. Anapumua haraka haraka, kisha anasita, kisha anaanza tena. Nesi anamgusa unyayo kumwamsha na hapati kilio alichokitarajia. Anamwita daktari wa zamu. Daktari anajua anachokitazama: maambukizi yameingia kwenye damu. Asichokijua ni bakteria gani, na bakteria huyo amekwisha kuzizoea dawa zipi. Akichukua damu ipelekwe kuoteshwa, jibu litarudi baada ya siku mbili au tatu, kama hospitali ina maabara ya kuotesha, na nyingi za ngazi ya wilaya hazina. Mtoto hana siku mbili. Kwa hiyo daktari anaandika kinachosemwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ampisilini na jentamaisini, na anasubiri kupambazuke. Asubuhi hali ni mbaya zaidi. Lazima abadilishe. Abadilishe aweke nini?

Shangazi yangu alikuwa nesi wa watoto wachanga mpaka akastaafu. Nilimuuliza, "Shangazi, dawa za kwanza zikigoma, mlikuwa mnachagua vipi za pili?" Akanijibu bila kufikiri, "Mwanangu, tulikuwa tunatazama kabatini." Halafu akaongeza kwamba kabati likiwa tupu, mama alipewa karatasi akanunue nje, na tiba ikawa ile ambayo baba ameimudu.

Naomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo ya kabati. Mtoto anapewa dawa mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba zikiwa pamoja, kwa dozi hiyo, kwa uzito huo, zinamuua bakteria huyo. Akipona, hakuna anayejua kama ni dawa iliyomponya. Akifa, inaandikwa kwamba alizaliwa kabla ya wakati. Usiku unaofuata analetwa mwingine na kabati linafunguliwa tena. Mtu aniambie hilo linaitwaje kama si jaribio. Linakosa vitu vitatu tu ambavyo jaribio rasmi linavyo: mzazi kuombwa ridhaa, kamati ya kulisimamisha mambo yakiharibika, na daftari la kumwambia daktari wa kesho jana ilikuwaje.

Wala hili halitokani na hadithi za shangazi peke yake. Kati ya 2018 na 2020 watafiti walifuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,200 katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo. Hawakubadilisha tiba ya mtu. Walitazama na kuandika. Walikuta michanganyiko ya antibayotiki zaidi ya 200. Mia mbili, kwa ugonjwa mmoja! Zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi alifariki, na kwa wale ambao bakteria walionekana waziwazi kwenye damu, walifariki karibu 18 katika kila 100. Idadi ya michanganyiko peke yake inatosha kutueleza kwamba madaktari wenye nia njema na elimu nzuri, katika hospitali zinazoheshimika, wanabahatisha. Wanabahatisha kwa sababu ushahidi haupo, na ushahidi haupo kwa sababu tunaona haya kuutafuta.

Na mwongozo wenyewe wanaoukimbilia? Utafiti mwingine mkubwa, uliofanyika nchi saba, Rwanda na Ethiopia zikiwemo, kati ya 2015 na 2017, ulipima bakteria waliotolewa kwenye damu za watoto wachanga. Kundi linaloongoza kwa kuua hospitalini, ambalo Klebsiela ni mkubwa wao, karibu lote lilikuwa sugu kwa ampisilini, na takriban saba katika kila kumi walikuwa sugu kwa jentamaisini. Kwetu dalili zilionekana mapema zaidi. Pale Muhimbili, watoto waliochunguzwa mwaka 2001 na 2002, matokeo yakachapishwa 2007, walionyesha kwamba maambukizi ya damu ya kundi hilo la bakteria yaliua asilimia 43.5 ya waliougua, wakati malaria iliua asilimia 20.2. Malaria, ambayo tuna wimbo wake, vyandarua vyake na siku yake ya kimataifa. Bakteria aliyeua mara mbili zaidi hana hata bango la barabarani.

Najua hofu inatoka wapi, na sitaki kuifanya ya kipuuzi. Inatoka Kano. Mwaka 1996, Nigeria ikiwa katikati ya mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilikwenda Kano na dawa yake mpya, Trovan, ikaijaribu kwa watoto. Watoto 200 walihusika, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu seftriaksoni. Kumi na mmoja walikufa. Wengine, familia zao zilisema, walibaki na ulemavu. Wazazi walidai hawakuambiwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kuumaliza mgogoro na jimbo la Kano. Kati ya tukio na malipo hayo, mwaka 2003, viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio, na moja ya sababu zilizowafanya watu wawasikilize ilikuwa kumbukumbu ya Trovan. Polio ikatoka kaskazini mwa Nigeria ikavuka mipaka hadi nchi zilizokuwa zimekwisha kuitokomeza.

Mtu anayeitaja Kano ana haki ya kusikilizwa. Ila namwomba atazame vizuri ni nini kilicholalamikiwa kule. Wazazi walilalamika kwamba hawakuulizwa. Walilalamika kwamba mambo yalifanywa wakati wa taharuki, mbali na macho ya kamati ya maadili, na kampuni iliyokuwa na faida ya kuvuna. Sasa rudi kwenye wodi ya shangazi saa nane za usiku. Mama yule ameulizwa? Kamati iko wapi? Kila kasoro tunayoichukia Kano tumeikubali iwe ya kawaida katika tiba ya kubahatisha, mradi isiitwe jaribio. Pale Kilifi, ambako majaribio haya ya watoto wachanga yamefika, kuna kamati za maadili za Kenya, kuna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi wa kule kukaa vikao na watafiti, kuna fomu ya ridhaa inayosomwa kwa lugha anayoielewa mama. Hayo yote ni matunda ya watu kupiga kelele baada ya mambo kama ya Kano. Tukiyakataa majaribio yenye ulinzi huo tunawarudisha watoto kwenye tiba isiyo na mlinzi.

Halafu lipo lile la "waanze kwao". Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu tulikwisha kulijaribu na likatugharimu maisha ya watoto.

Kwa miaka mingi, katika hospitali za Ulaya na Marekani, mtoto aliyeletwa na homa kali na mzunguko wa damu umelegea alitiwa maji ya dripu mengi kwa haraka. Waliamini inaokoa, wakaiandika kwenye miongozo, miongozo ikaenea. Hiyo ni "kwao kwanza" kamili: ilianza kwao, ikazoeleka kwao, sisi tukaipokea ikiwa imepigwa muhuri. Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi ikaamua kuuliza kama kweli inafaa kwa mtoto wa Kiafrika mwenye malaria au upungufu wa damu, katika wodi isiyo na mashine za kupumulia. Jaribio likaitwa FEAST. Lilifanyika Kilifi; Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda; na Teule, Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 waliingia. Theluthi moja walipewa maji ya chumvi kwa haraka, theluthi moja maji yenye albumini kwa haraka, theluthi moja hawakupewa ya haraka, walipata ya taratibu tu pamoja na dawa zao.

Januari 2011 kamati inayotazama usalama ilisema simamisheni. Wengi walidhani watasikia kwamba dripu imeonekana kuokoa kiasi kwamba ni dhambi kumnyima mtoto yeyote. Ilikuwa kinyume. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 ya waliotiwa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakutiwa. Watoto watatu zaidi katika kila mia, waliouawa na huduma ambayo kila daktari mwema angempa mwanawe. Na bila wazazi wa Muheza, Mbale na Kilifi kukubali, ingeendelea mpaka leo, na kila kifo kingeandikwa "malaria kali".

Mtu akiniambia watoto wa FEAST walifanywa panya, namuuliza wale waliotiwa maji hayo miaka yote iliyotangulia, pasipo jaribio, walifanywa nini.

Kwa antibayotiki "kwao kwanza" ni mbovu zaidi, kwa sababu bakteria wa kwao si hawa wetu. Mtoto njiti wa London amelazwa peke yake kwenye kitanda chake, nesi wake anamtazama yeye na mwenzake mmoja, maabara inatoa majibu usiku. Usugu wanaopambana nao kule ni mwingine na si mwingi kama huku. Mchanganyiko utakaoshinda kule hautuambii lolote la uhakika kuhusu Klebsiela wa wodi yenye watoto wawili kitanda kimoja.

Kuna pia wale wanaosema, tena wengine ni madaktari, tusihangaike na dawa kuukuu, tusubiri mpya. Nawajibu kwa hesabu moja inayojulikana sana kwa watu wa fani hii: tangu mwaka 2000, katika antibayotiki zipatazo 40 zilizoidhinishwa kwa watu wazima, ni nne tu zilizoandikiwa dozi ya mtoto mchanga. Nne. Kampuni huanza na mtu mzima mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu wagonjwa wake ni wengi, jaribio ni rahisi na soko lipo. Mtoto mchanga hana soko. Figo zake zinabadilika kila siku katika wiki ya kwanza. Dawa inayotoka mwilini mwa mtu mzima kwa saa chache inaweza kukaa kwake kutwa nzima. Huwezi kuigawanya dozi ya baba kwa kilo ukampa. Anayesema tusubiri dawa mpya anasubiri kitu ambacho hakijaanza safari.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Kilifi mwaka 2018 na 2019 ni ya thamani kubwa, ingawa haikupigiwa tarumbeta. Fosfomaisini ya sindano ina chumvi nyingi ndani yake, na madaktari walihofia kwamba chumvi hiyo itamdhuru mtoto mchanga. Watoto 120 walishiriki, takriban nusu wakaongezewa fosfomaisini juu ya tiba ya kawaida. Wakapimwa damu, chumvi ikatazamwa, ikaonekana haikutofautiana kwa kiasi cha kutia hofu, na dozi ikajulikana. Bila hatua hiyo ndogo, yenye kuchosha, isiyompa mtu umaarufu, hakuna anayeweza kumpa njiti fosfomaisini kwa dhamiri safi.

Nigeukie upande wa pili, kwa wenzetu wanaoamini kwamba kuchanganya dawa hakuhitaji majaribio kwa sababu "mbili ni bora kuliko moja". Imani hii imejaa kwenye maduka ya dawa na imejaa hospitalini pia. Mgonjwa akizidiwa, ongeza. Ni imani inayofariji familia na daktari kwa pamoja, na imewahi kuua.

Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyotokana na bakteria wa nimonia. Waliopewa penisilini peke yake, wengi walipona. Waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaiklini, walikufa karibu wanane katika kila kumi. Sababu yake, ilipokuja kueleweka, ilikuwa rahisi: penisilini humuua bakteria anayekua, wakati anajenga ukuta wake, tetrasaiklini humzuia asikue. Ya pili ikaizuia ya kwanza kufanya kazi. Dawa mbili nzuri zikamaliza wagonjwa ambao moja ingewaokoa.

Karibuni zaidi, mwaka 2018, yalitoka majibu ya jaribio lililofanyika Israeli, Ugiriki na Italia kwa wagonjwa 406, wengi wao wakiwa na Asinetobakta sugu, yule bakteria anayeishi kwenye mashine za kupumulia. Nusu walipewa kolistini, dawa kali inayochosha figo, na nusu kolistini pamoja na meropenemu. Duniani kote watu walikuwa wakizitoa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu maabara ilionyesha zinasaidiana. Kwa wagonjwa haikuonekana faida. Fikiria gharama ya meropenemu iliyomwagwa kwa miaka hiyo, na usugu uliozalishwa bure.

Maabara yenyewe siidharau. Nimesimama nyuma ya fundi akifanya kipimo kinachoitwa cha drafti na nikatamani kila mbishi angekuwepo. Anachukua sahani ya plastiki yenye visima 96, safu nane kwa kumi na mbili, kila kisima hakizidi punje ya hindi. Dawa ya kwanza anaipunguza nusu kwa nusu kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili anaipunguza kutoka juu kwenda chini, mpaka kila kisima kina uwiano wake usiofanana na wa jirani. Kisha anatia bakteria idadi ile ile kila mahali, anafunika, analaza sahani kwenye joto la mwili hadi kesho yake. Asubuhi anaiinua kwenye mwanga. Kisima chenye ukungu, bakteria wameishi. Kisima angavu, wamezuiwa. Anafuata mpaka wa ukungu kwa ncha ya kalamu: kama robo ya dozi ya kawaida ya dawa hii na robo ya ile zimetosha kuzuia, basi zinasaidiana kweli, kila moja imempunguzia mwenzake mzigo. Fosfomaisini na amikasini zimekuwa zikionyesha hivyo kwa bakteria kadhaa. Ya kwanza inakatiza ujenzi wa ukuta wa bakteria tangu hatua ya mwanzo kabisa, ya pili inapata njia ya kuingia na kuharibu mahali protini zinapotengenezwa.

Lakini sahani haina figo, haina ini, hailii, haiachi kunyonya. Mwaka huo huo wa 2018 yalichapishwa majibu ya jaribio la MERINO, lililofanyika nchi tisa kwa wagonjwa wenye bakteria waliokuwa sugu kwa seftriaksoni. Maabara ilisema bakteria hao wanaweza kuuawa na piperasilini-tazobaktamu sawasawa na meropenemu. Kwa siku 30 walikufa wagonjwa 23 kati ya 187 waliopewa ya kwanza, na 7 kati ya 191 waliopewa ya pili. Sahani ilisema ndiyo, kitanda kikasema hapana. Hakuna njia nyingine ya kulijua hilo ila kwa kuwapanga wagonjwa kwa nasibu, kuwahesabu na kukubali jibu litakalotoka.

Nasikia swali: kumpanga mtoto kwa nasibu, si ndiko kumchezea bahati? Katika majaribio ninayoyatetea hapa hakuna mtoto anayepewa maji matupu. Kila hospitali kwanza inaziondoa tiba ambazo, kwa usugu wa bakteria wake na kwa hali ya mtoto, hazifai. Mtoto anapangiwa kati ya zile zilizobaki tu, zile ambazo daktari wake angekubali kumpa yoyote. Nasibu inaingia pale ambapo ujuzi wa daktari umefika ukingoni. Leo pengo hilo linazibwa na kabati.

Tena Afrika Mashariki si wageni wa kazi hii. Kila mgonjwa wa kifua kikuu duniani anayemaliza dozi kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu ana deni na wagonjwa wa kwetu. Majibu ya jaribio la streptomaisini yalipotangazwa 1948 yalishangaza ulimwengu, halafu kwa wagonjwa wengi bakteria wakaizoea ndani ya miezi michache. Ikajulikana kwamba dawa moja haitoshi, na kuanzia hapo ikawa kutafuta zipi zishikane na zipi. Jaribio lililofungua njia ya tiba fupi, lililochapishwa 1972, lilifanyika kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walikubali kupangiwa michanganyiko ya miezi sita, yenye rifampisini au pirazinamidi, ilinganishwe na tiba ndefu ya zamani. Watu wale hawakuwa panya. Walikuwa wagonjwa wa kijijini na wa mjini waliokunywa dawa zao, wakarudi kupimwa makohozi mwezi baada ya mwezi, wakaipa dunia jibu ambalo Geneva na London hazikuwa nalo. Inanisikitisha kwamba watoto wa shule za kwetu wanafundishwa jina la Koch, aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu, na hawafundishwi hilo.

Wako wanaosema fedha zote hizi zingenunua maji na sabuni. Ni kweli wodi zinahitaji maji, zinahitaji sabuni, zinahitaji manesi wa kutosha ili mmoja asikimbie kutoka kwa mtoto hadi mtoto bila kunawa. Maambukizi mengi yanaanzia hapo, na serikali isiyoleta maji hospitalini haina udhuru. Lakini hata wodi safi itapata mtoto aliyeambukizwa, na mtoto huyo sabuni haimtibu. Sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua.

Hasira ipo na ni halali. Naomba tu ielekezwe panapostahili. Mchanganyiko ukithibitishwa halafu usifike kwenye kabati la wilaya, hapo ndipo tutakuwa tumetumiwa. Wazazi wa Kilifi watakuwa wametoa watoto wao kwa ajili ya jibu litakalotumika kwingine. Kwa hiyo wapiga simu wa redio wangeniuliza mimi, ningewaomba waache kuuliza kwa nini jaribio lipo na waanze kuuliza haya: Je, fosfomaisini ya sindano itaombewa usajili wa dozi ya watoto wachanga katika nchi zetu mara matokeo yakitoka, au tutasubiri miaka? Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA ya Kenya zimeingia mazungumzo gani ya bei na watengenezaji? Hospitali za mikoa na kaunti zitapata lini maabara za kuotesha damu, ili dawa hizi zisimwagwe kwa kila mtoto mwenye mafua na kuharibika ndani ya miaka mitano? Na matokeo yatasomwa kwa akina mama walioshiriki, kwa Kiswahili na Kigiriama, au yataishia kwenye majarida ya kulipia? Mkutano wa hadhara wenye maswali hayo, nitahudhuria na nitakaa mstari wa mbele.